Geuza Hiyo Sahani

Saa saba mchana, ingia kibanda yoyote kutoka Kayole mpaka Kawangware, order utaskia ni moja tu. "Mathe, niwekee ugali kubwa, skuma kiasi, na supu juu." Mathe anakata ugali inafunika sahani karibu yote, skuma inakaliswa pembeni kijiko moja, supu inamwagwa. Msee anaosha sahani dakika tano na anarudi mboka. Ikigonga saa tisa macho zinaanza kujifunga. Saa kumi ubao imerudi, na sasa anasaka mandao na soda ya kumsukuma mpaka jioni.

Wasee wengi wakiskia mambo ya lishe bora wanadhani hiyo ni story ya wadosi wa Kilimani na Westlands, watu wa saladi ya soo nane na nafaka za pakiti kutoka majuu. Mimi hiyo nakataa kabisa. Dishi yenye mwili inataka iko hapo hapo kwa kibanda, kwa zile sufuria za mathe. Madondo ziko, ndengu iko, managu iko, omena iko, na hapo nje mama mboga amepanga avo na machungwa kwa meza. Kitu imeharibika ni vipimo. Tunabuy wanga mob juu inajaza tumbo haraka, alafu hizo zingine tunaweka kidogo ya kusaidia ugali ishuke. Geuza vipimo na doo ni ile ile, mwili itaskia tofauti.

Form iko hivi. Gawa sahani mara mbili. Nusu mzima ni ya mboga na matunda. Ile nusu ingine ikate tena: robo iende kwa ugali, chapo, mchele, waru ama ngwaci, na robo ibaki ya vitu za kujenga mwili, yaani madondo, ndengu, mayai, omena, nyama, kuku. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kula vizuri 2017, na ukiucheki hauongei mambo ya majuu. Unasema kula jamii ya maharagwe, ndengu na njugu angalau mara nne kwa wiki. Nyama isiyo na mafuta mob, samaki, kuku, mayai ama hata wadudu, angalau mara mbili kwa wiki. Watu wa kumbikumbi kutoka Western, hapo mmetambuliwa rasmi. Maziwa ama mala kila siku. Mboga na matunda za rangi tofauti kila siku. Mafuta, sukari na chumvi, kidogo.

Nayo WHO wameweka namba: mboga na matunda angalau gramu 400 kwa siku kwa mtu mkubwa. Waru haihesabiki hapo, hata ngwaci na muhogo pia hazihesabiki, hizo zinaenda upande wa wanga. Kwa hivyo chipo na kachumz ya kuchungulia haijakufikisha popote. Sahani iliyojaa skuma ya kupikwa pamoja na chungwa na kipande ya papai, sasa hapo umeanza kusonga.

Wacha nikae kwa githeri kidogo, juu hii dishi inakosewa heshima sana. Ukimaliza shule ya boarding unaapa hutaigusa tena, na naelewa, ile ya shule ilikuwa maji na mahindi na dondo tatu. Lakini githeri yenyewe ni akili ya mababu. Protini hujengwa na vipande vidogo vinaitwa amino asidi, na kuna zingine mwili haiwezi kujitengenezea, lazima uzidishi. Mahindi imepungukiwa na moja ya maana inaitwa laisini. Maharagwe iko na laisini mob lakini imepungukiwa na methionini, yenye mahindi iko nayo. Ukiziweka kwa sufuria moja, kila moja inajaza pengo ya mwenzake. Ni mambo hiyo hiyo kwa chapo madondo na kwa mchele na ndengu. Shosh wako ushago hakuwa na maabara, na bado alikupikia hesabu iliyotoka sawa.

Juu ya hiyo, kikombe moja ya madondo zimeiva inakupea karibu nusu ya nyuzinyuzi mtu mkubwa anahitaji kwa siku. Nyuzinyuzi ndio inafanya sukari iingie kwa damu polepole, ndio inakufanya ushibe mpaka jioni, na ndio inafanya choo isiwe vita. Kwa hivyo ukienda kibanda, badala ya chapo tatu na dondo za kuhesabu, sema, "Mathe, chapo moja, madondo mbili, na uniwekee kabeji ama managu kando." Ataelewa. Bei itakuwa karibu na ile ya kawaida, juu ile doo ya chapo mbili imehamia kwa madondo na mboga. Kisha beba avo kwa mama mboga, nusu yake inatosha. Mboga za kijani na karoti hubeba kitu mwili inageuza kuwa vitamini A, na inaingia vizuri tu kama kuna mafuta kidogo kwa hiyo sahani. Avo inafanya hiyo kazi fiti.

Sasa tufike mahali pananiuma. Strungi.

Kuna hii tabia ya kushukisha dishi na chai, iwe strungi ama ya maziwa. Chai iko na tanini, na tanini inashika madini ya chuma iliyo kwa madondo na mboga, chuma mob inapita tu bila kuingia kwa damu. Umelipa, umetafuna, na mwili haijafaidika vile ingefaidika. Chuma ndio inatengeneza damu, na damu ndio inabeba hewa. Ikipungua unachoka ovyo, kichwa inauma, ukipanda ngazi za ploti mpaka fourth floor roho inadunda. Na hii story inaguza madem kuliko machali, juu ya damu inayotoka kila mwezi. Dem anahitaji chuma karibu mara mbili ya chali wa rika yake. Lakini cheki kwa keja nyingi: kipande kubwa ya nyama inaenda kwa chali, dem anabaki na supu na strungi. Wasee, hiyo lazima tuikatae. Sistee yako akilalamika kila siku amechoka, usimwite mvivu. Mwekee managu, dondo na ka-nyama, na akienda hosi apimwe damu.

Dawa ya hii mambo ya chai ni rahisi. Kunywa chai yako saa moja hivi kabla ya kudishi ama baada. Alafu kwa hiyo sahani yenye chuma, ongeza kitu yenye vitamini C: kamulia ndimu juu ya ndengu, weka kachumz ya nyanya, ama maliza na chungwa. Vitamini C inabeba chuma ya mimea na kuiingiza kwa damu vizuri zaidi. Ndimu moja tu, na dondo ile ile imeanza kufanya kazi ingine.

Tukiwa hapo kwa majani, kuna profesa wa JKUAT anaitwa Mary Abukutsa-Onyango, ametumia miaka mingi kuchimba mambo ya mboga za kienyeji: managu, terere, saga, kunde, mrenda, miro. Kuna wakati hizi mboga zilikuwa zinaonekana kama magugu tu ama chakula ya watu wamesota. Saa hii ziko kwa supermarket, na kwa mama mboga zinaisha mapema kuliko skuma. Ziko na chuma, kalisiamu na vitamini A ya nguvu. Uchungu ya managu na saga inatulizwa na maziwa, uliza mtu yeyote wa kutoka Kisii ama kwingine Nyanza atakuonyesha. Lakini skuma pia usiiruke. Kalisiamu yake mwili inaishika vizuri kuliko ile ya spinachi na terere, juu hizo mbili ziko na oksaleti yenye inaifunga. Kwa hivyo zungusha. Jumatatu skuma, Jumanne kunde, Jumatano kabeji na karoti.

Kuna kitu moja ya mama mboga napenda sana. Jioni, watu wakishuka mathree, yeye ameshika skuma yote mkononi imekunjwa kama sigara kubwa, kisu inapita tyu tyu tyu na majani yanaanguka membamba kama nyuzi kwa karatasi. Hiyo ni kazi ya mikono, na inakusevia muda. Lakini mwambie akuoshee kabla ya kukata, ama ununue mzima uoshe kwa keja kisha ukate. Ukiosha baada ya kukata, vitamini C inaenda na maji kwa sinki. Na usiipike mpaka igeuke rangi ya kaki. Kitunguu, nyanya, skuma, dakika chache tu, toa ikiwa bado kijani. Pia muulize mboga imetoka wapi. Kuna zenye zinakuzwa kando ya Nairobi River na maji ya sewage, na vile vyuma vizito vikishaingia ndani ya jani, hakuna kuosha kunaweza kuvitoa.

Chipo sitaongea mob, kila mtu anajua. Ukizipenda, zidishi siku moja moja, na ucheki mafuta. Kama ni nyeusi na inatoa moshi na povu, hiyo imechemshwa siku nyingi, songa kibanda ingine. Smokie nayo nitaongea juu inadanganya watu. Imekuwa breakfast ya wasee wa campo na lunch ya wasee wa boda, inauzwa kila kona na inakaa nyama. Hiyo ni nyama ya kiwanda. Mwaka wa 2015, shirika la WHO la utafiti wa saratani liliiweka nyama ya aina hiyo kwa kundi ya vitu vinaleta saratani ya utumbo, na likasema kula gramu 50 yake kila siku inaongeza hatari hiyo kwa asilimia 18. Na ile toroli ya smokie kwa kawaida pia iko na mayai boilo. Ni mtu yule yule, kachumz ni ile ile. Chukua yai. Iko na gramu kama 6 za protini safi.

Sukari ndio inanishtua zaidi kwa mbogi ya rika yetu. Tufanye hesabu na kijiko ya chai, yenye inabeba gramu 4 hivi. WHO wanasema sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja kwa kumi ya nguvu unapata kwa chakula, na ni poa zaidi ikikaa chini ya gramu 25 kwa siku, yaani vijiko kama sita. Sasa msee anaweka vijiko tatu kwa chai ya asubuhi na tatu kwa ya jioni. Hapo amemaliza ya siku nzima, na bado hajagusa soda. Soda ya kawaida ya nusu lita inabeba karibu gramu 50, vijiko kama kumi na mbili, na unaishukisha dakika mbili kwa stage. Zile za kukupea stimu za madereva na wasee wa night shift nyingi ni hivyo hivyo, na kafeini juu. Kisha tunashangaa mbona chali wa miaka thelathini anaambiwa ako na kisukari, ugonjwa tulikuwa tunaona kwa guka. Kama huwezi kuacha sukari kwa chai mara moja, toa kijiko moja wiki hii, ingine wiki ijayo. Ulimi inazoea, na baadaye ukipewa ile chai ya zamani utaiona tamu kupita kiasi.

Chumvi iko na kipimo pia: chini ya gramu 5 kwa siku, hiyo ni kijiko moja ya chai haijajaa, na imehesabu ile iko kwa mkate, kwa crisps na kwa zile unga za kukoleza mchuzi. Ukitumia unga ya mchuzi, usiongeze chumvi ingine. Chumvi mob inapandisha presha, na presha haina kelele, inaweza kukukalia miaka bila kuskia kitu. Kupimwa ni dakika chache, ukipata nafasi ingia.

Unga nayo iko na siri. Ile nyeupe pe ya pakiti imetolewa maganda na kiini, na huko ndio nyuzinyuzi na vitamini B nyingi zilikuwa. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga ya pakiti ya mahindi na ya ngano iongezwe vitamini na madini, kwa hivyo ukinunua ya pakiti cheki ile alama ya kuongezwa virutubisho. Ukienda posho mill utapata ugali nzito, ya rangi, yenye inashikilia tumbo. Hakikisha tu mahindi ilikauka vizuri na haina ukungu. Aflatoksini sio mchezo. 2004 iliua watu 125 huko Makueni, Kitui na kwingine upande wa mashariki. Mahindi imebadilika rangi ama inanuka uvundo, usionee doo huruma, mwaga.

Najua kuna msee anasoma hii akisema, "Buda, mimi nalala Pipeline, single room, sina friji, natoka mboka saa mbili usiku, hiyo time ya kuchemsha dondo iko wapi?" Hiyo ni swali ya ukweli. Kwanza, dondo na githeri za kuchemshwa zinauzwa kwa kikombe karibu kila mtaa jioni, unafika unakaanga tu na nyanya. Pili, ukichemsha mwenyewe, loweka usiku mzima, mwaga hayo maji, pika na mapya. Zinaiva haraka, gesi inabaki, na ile gesi ya tumbo inapungua. Tatu, changeni. Wasee watatu wa ploti moja wakichanga Jumamosi asubuhi na mmoja aende Marikiti ama Muthurwa, nyanya, vitunguu, karoti na ndizi zinakuja kwa bei ya chini sana kuliko ya kununua kidogo kidogo kila jioni. Na ndengu haihitaji hata kulowekwa, chini ya saa moja hivi imeiva.

Asubuhi, badala ya mandao mbili na strungi, kuna nduma na ngwaci za kuchemshwa, kuna uji ya wimbi, kuna yai. Ndizi moja ndani ya bag itakuokoa saa nne. Na lunch ya air burger, yenye unaruka dishi ndio usevu, inakurudia jioni ukikula kila kitu unapata.

Kwa wasee wa gym, wenye wananunua zile mikebe za poda za thao kadhaa. Mtu mkubwa wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 za protini kwa siku. Ukiinua chuma kwa bidii inapanda, inaweza kuwa karibu mara mbili ya hiyo. Yote inaweza kutoka kwa mayai, ndengu, maziwa na hiki kitu kinaitwa omena. Omena iliyokaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na juu unaimanga na mifupa yake yote, kalisiamu iko ndani. Watu wanaikataa juu walipikiwa vibaya, ikawa chungu na mchanga kwa meno. Pika hivi.

Mwaga omena kwa sinia, toa mawe na vijiti. Ukiwa na muda, toa vichwa, huko ndio uchungu mob iko. Osha na maji ya moto mara mbili tatu mpaka maji itoke safi. Chuja, iache ikauke kidogo. Weka kwa sufuria bila mafuta kwanza, koroga kwa moto ya wastani mpaka uskie zinalia kavu, alafu ndio uongeze mafuta kijiko mbili na uzikaange zipate rangi. Toa kando. Kwa hiyo sufuria weka kitunguu, ikilainika weka nyanya mob, tangawizi ama vitunguu saumu kama iko, na pilipili ukipenda. Nyanya ikishapondeka rudisha omena, ongeza maji kidogo tu, funika dakika tano. Chumvi weka mwisho baada ya kuonja. Zima moto, mwaga dhania, kamulia ndimu nzima. Panga na managu nusu ya sahani na ugali ya size ya ngumi yako. Chai iache ingoje.